MUKURU: MTAA ULIOPANGWA NA WENYEWE

Huenda mkajiuliza mwanafunzi wa Nyamira, tena wa shule ya kutwa, anatafuta nini katika mambo ya Nairobi. Jibu ni fupi. Mimi nililelewa Mukuru kwa Njenga mpaka nilipotimiza miaka kumi na miwili. Isitoshe, nikiuliza darasani mwetu ni nani ana baba, mjomba au kaka anayefanya kibarua katika Eneo la Viwanda la Nairobi, mikono itakayoinuka ni mingi. Kwa hivyo mambo haya ni yetu pia.

Mukuru si mtaa mmoja. Kuna Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, na vyote vimejibana katikati ya viwanda kando ya Mto Ngong. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iligawiwa makampuni na watu binafsi zamani, hasa miaka ya 1980, ili wajenge viwanda vidogo vidogo. Wengi hawakujenga kitu. Waliojenga ni watu wa kawaida, vyumba vya mabati vya futi 10 kwa 10, na wapangaji wakaja kwa sababu moja tu: kutoka hapo unaenda kazini kwa miguu. Baba yangu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri akasimame getini kungoja kuitwa. Nauli ambayo hakulipa ndiyo iliyotununulia unga.

Lakini kuishi na kiwanda ukutani kuna gharama yake. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwa bomba huko Sinai, karibu na Viwandani, ikashika moto. Watu zaidi ya mia moja waliaga dunia. Nilikuwa mtoto mdogo sana wakati huo, ila mama hakuacha kutusimulia. Kila tuliponusa harufu ya mafuta alitutoa nje, hata kama ni jirani tu anayewasha stovu.

Sasa nieleze jinsi mpango ulivyoanza, maana wengi hudhani mtaa hupangwa na mtu aliyekaa ofisini na rula. Kuna chama kiitwacho Muungano wa Wanavijiji, kilichoanzishwa mwaka wa 1996 na wakaaji wa mitaa ya mabanda wenyewe. Hawa walipita mlango kwa mlango wakihesabu watu, vyoo, mifereji na nyaya za stima. Walipata kuwa kaya zilizomo Mukuru ni kama laki moja. Walipata pia jambo lililowashangaza wakubwa: maskini analipa zaidi kuliko tajiri. Hebu piga hesabu nami. Sisi tulinunua maji shilingi 5 kwa mtungi wa lita 20. Lita 1,000 ni mitungi 50, yaani shilingi 250. Mwenye mfereji halali ndani ya nyumba yake, na bafu lake juu, alilipa kidogo sana kwa maji hayo hayo! Stima nayo ilikuwa vivyo hivyo. Ni takwimu kama hizi zilizofanya ile hoja ya "hawa watu hawawezi kulipia huduma" ianguke. Kumbe walikuwa wakilipa siku zote, ila hela ziliishia mfukoni mwa watu wengine.

Mnamo Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji. Maana yake ni kwamba ujenzi mpya ulisimamishwa kwa muda, na mpango ukatakiwa uwe tayari kwa miaka miwili. Mashirika zaidi ya arobaini pamoja na vyuo vikuu yalijigawa katika makundi: nyumba, maji na vyoo, afya, elimu, ardhi, fedha na kadhalika. Hayo ni ya wataalamu. Sehemu ninayoipenda mimi ni ya wenyeji. Kaya kumi ziliungana zikachagua mtu wao. Vikundi kumi vya namna hiyo vikaungana tena, na kadhalika hadi juu, ili neno la mama muuza mandazi liweze kufika kwenye meza ya ramani. Katika ploti yetu alichaguliwa jirani tuliyemwita Mama Kioski. Mimi na watoto wenzangu tulikuwa tukichungulia mlangoni wakibishana kuhusu choo kiwekwe wapi. Kila mtu alikitaka karibu, lakini si karibu na mlango wake.

Ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa barabara. Kanuni za kawaida za mipango ya miji zinataka barabara pana. Ukizifuata kama zilivyo ndani ya Mukuru, utabomoa nyumba nyingi mno hata usijue unamjengea nani hizo barabara. Basi ikakubaliwa njia ziwe nyembamba kuliko kanuni, nyingine za miguu na mkokoteni tu, na zile chache kubwa zibebe magari. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba mita moja kwenye ramani ni kitanda cha mtu. Tena mpango haukutaka kutenga viwanda huku, maduka kule na nyumba kwingine kama ilivyofanywa zamani. Wenyeji walitaka fundi, duka, shule na makao vikae pamoja, ili mtu asipoteze kile kilichomleta pale.

Matunda yalionekana. Kuanzia mwaka wa 2020 barabara kadhaa zilitiwa lami, mabomba ya maji na ya majitaka yakalazwa. Mwezi wa Mei 2025 baadhi ya familia zilipewa funguo za nyumba mpya za ghorofa kando ya barabara ya Enterprise.

Ila sisi hatukuwepo. Mwishoni mwa mwaka wa 2021 tingatinga liliingia Mukuru kwa Njenga ili barabara kubwa ipite, na maelfu ya watu wakaachwa nje. Ploti yetu ilikuwa miongoni mwa zilizolala chini. Kikundi chetu cha kaya kumi hakikuulizwa lolote kuhusu barabara hiyo, na Mama Kioski alilia kwa uchungu kwani watu walimwona kama aliyewadanganya. Mimi na dada yangu tulipandishwa basi la usiku tukaja kwa nyanya huku Nyamira. Baba alibaki.

Naandika haya kwa sababu miji yetu ya Gusii nayo inakua. Nenda Kisii mjini upande wa Daraja Mbili uone soko, mafundi wa jua kali na vyumba vya kupanga vilivyobanana kwenye mteremko. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na sheria ya miji ya 2011 inatoa nafasi ya mabaraza ya wakaaji. Mwaka jana nilimsindikiza shangazi, muuza ndizi, kwenye kikao cha maoni katika mji mmoja wa huku ambao sitautaja. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, kikao kikawekwa asubuhi ya siku ya soko. Tuliwakuta watu kumi na wawili, ramani imebandikwa juu sana ukutani. Shangazi aliuliza swali moja tu, "Hapa mimi niko wapi?" Walimtafuta kwenye ramani kwa muda mrefu, hawakumpata.

Likizo iliyopita nilimtembelea baba. Amepanga chumba upande wa kwa Reuben. Mbele ya mlango kuna lami, mtaro haunuki tena, na mtoto anaweza kwenda shuleni na viatu vikavu hata mvua ikinyesha. Nilimsifu. Baba akacheka, akaniambia landilodi wake ameipenda hiyo lami sana pia, kodi amekwisha kuipandisha mara mbili.