Kwenye barza, nani asimame na wazo gani?

Wandugu wakulima wa Beni na Butembo,

Barza si jambo jipya kwetu. Wazee walikaa, kila mutu akasema. Leo vyama vingine viko na siku ya kushirikiana mawazo, na wale wanaoipanga wanajitolea tu, bila mushahara. Kazi yao ngumu si kutafuta viti. Ni kuchagua: nani atasimama, na atasema nini?

Tuchukue mufano wa munyauko wa migomba. Katika Kongo ugonjwa huu ulionekana mwaka 2001 kule Masisi, humu Kivu ya Kaskazini. Miaka mingi sisi maagronomu tulisema: ng'oa shina lote pamoja na watoto wake. Wengi walikataa. Kung'oa ni kazi nzito, na nyumba inabaki bila chakula. Kisha majaribio katika mashamba ya Kivu yakaonyesha njia nyepesi: kata ule mugomba mugonjwa peke yake, chini kabisa, mara unapouona, na urudi kila juma. Ua la kiume livunje kwa fimbo yenye panda, si kwa panga. Panga lipitishe kwenye moto kila baada ya kukata. Na majirani wafanye pamoja.

Wazo kama hilo ndilo la kuweka mbele ya watu. Kabla ya kumupa mutu nafasi, kamati imuulize maswali ine:

– Umelifanya wewe mwenyewe?
– Jirani asiye na franka anaweza kulifanya?
– Wapi lilikushinda?
– Uko na kitu cha kuuza?

Swali la mwisho lisisahauliwe. Mikutano ya TEDx, inayopangwa na watu wa kujitolea katika inchi nyingi tangu 2009, haikubali biashara jukwaani, na musemaji hapiti dakika 18. Kwetu dakika 10 zinatosha, kisha maswali. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, tuliona wenyewe: habari isiyo na nafasi ya kuuliza inazaa mashaka.

Tena kuna kosa moja tunalolirudia. Tunamuchagua yule anayejua kusema. Mama anachagua kahawa, anaianika, anajua ni siku gani inaharibika. Siku ya barza, papa ndiye anasimama. Tunapata mudomo, tunakosa mukono. Kwa hiyo wa kamati watembee kwanza mashambani, waone. Kama mama anaogopa watu wengi, barza ifanyike kwake, kati ya migomba yake.

Baada ya mwezi, wawili wa kamati wazunguke kuuliza: nani amejaribu? Kama hakuna hata mumoja, tulipiga makofi tu.

Basi kwenye mukutano unaokuja, musiulize kwanza nani anasema vizuri. Muulize migomba ya nani ingali imesimama.