Andalusi au Makka Kwanza?

Msomaji wetu wa Chapwa, mfanyabiashara katika mpaka wa Tunduma, anauliza iwapo yafaa aitembeze familia yake Hispania mwezi Septemba, ilhali hajahiji.

Kutembea ardhini na kutazama athari za waliotangulia kumehimizwa na Qur'ani. Na Andalusi ina mengi ya kutazamwa, japo mengine yanachoma moyo: Msikiti wa Córdoba, ulioanza kujengwa yapata mwaka 785, uligeuzwa kanisa mwaka 1236, na hadi leo Muislamu haruhusiwi kuswali ndani yake. Granada iliangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1492. Msikiti mkuu wa sasa, unaoikabili Alhambra, ulifunguliwa mwaka 2003.

Lakini Hija? Imam Ahmad aliiona ni wajibu wa papo hapo kwa mwenye uwezo. Imam Shafi'i, ambaye wengi wetu twamfuata, aliruhusu kuichelewesha kwa aliyeazimia kuitekeleza. Ruhusa hiyo haimhusu anayechelea kupotewa na afya au mali, na aliyechelewesha hadi akafa hujibebesha dhambi. Biashara ya mpakani, wenyewe mwaijua, leo ipo kesho haipo. Basi ndugu yetu atenge kwanza fedha za Hija, ajiandikishe, kisha zilizobaki ndizo za matembezi.

Akijaaliwa kwenda, ajue kwamba kwa madhehebu yetu anayenuia kukaa mji mmoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi swala. Tiketi za Alhambra nazo hukatwa mapema, kwa jina la pasipoti.