Maneno Yanayoiga Milio: Sikio, Kinywa na Kanuni za Lugha

Mtu akiulizwa jogoo huwikaje, hujibu papo hapo, kana kwamba ameulizwa mbili na mbili ni ngapi. Mswahili husema kokorikoo. Mfaransa huandika cocorico, Mjerumani kikeriki, Mjapani kokekokko, na Mwingereza cock-a-doodle-doo. Jogoo wa Unguja, wa Paris na wa Tokyo ni wa jamii moja, na koo zao zimeumbwa namna moja. Ikiwa kila mmoja wa wasemaji hawa anadai kuwa anaurudia tu mlio alioujua tangu utotoni, mbona hawapatani? Na ikiwa maneno hayo yamebuniwa ovyo, mbona yote matano yanaanza kwa sauti ya k?

Katika sarufi yetu maneno ya aina hii huitwa tanakali za sauti. Shuleni aghalabu hufundishwa kama pambo la lugha: mwanafunzi hukariri kwamba mtu huanguka pu, hutumbukia chubwi, hulala fofofo, kisha mambo yakaishia hapo. Kwa maoni yetu huko ni kuyaonea maneno haya, kwani ndani yake mna fizikia, mna elimu ya viumbe, na mna historia ya lugha. Tanakali si picha kamili ya sauti, wala si uzushi mtupu. Ni mlio wa kiumbe uliopitishwa katika kinywa cha binadamu, na kisha ukapitishwa tena katika kanuni za lugha yake. Katika kila hatua kuna kinachopotea na kuna kinachosalia, na mara nyingi inawezekana kueleza ni kipi na kwa sababu gani.

Kinywa cha paka

Tuanze na paka, kwa kuwa juu yake mataifa karibu yote yanapatana. Sisi husema nyau, Waingereza meow, Wajapani nyaa. Wamisri wa kale walimwita paka mwenyewe miu, na Wachina humwita mao. Hatuna haja ya kudhani kwamba watu hawa waliazimana neno. Mtazame paka anapolia. Huanza akiwa amefumba mdomo, au ameufungua kidogo tu; kisha huufungua wazi; kisha huufumba tena polepole. Nasi tunapotamka nyau au miau, vinywa vyetu hufanya kazi ile ile. Katika m midomo hufumbwa na hewa hupitia puani; katika ny ulimi ndio unaoziba njia; katika a taya hushuka; katika u midomo hukaribiana na kuwa mviringo. Hapa, basi, tunaiga mwendo wa kinywa chenyewe, na sauti inayofanana na ya paka hufuata kama matokeo ya mwendo huo. Hali kadhalika mbuzi na ng'ombe: mee na mbuu huanza kwa midomo iliyofumbwa, kwa sababu wanyama wale nao huanza hivyo mara nyingi.

Kifaranga na ng'ombe

Lakini kwa nini kifaranga aseme piu na ng'ombe aseme mbuu, na isiwe kinyume chake? Jibu limo katika umbo la kinywa. Nyuzi za sauti zilizomo kooni hutoa mitetemo mingi ya kasi mbalimbali kwa wakati mmoja, na uwazi wa kinywa huitilia nguvu baadhi ya mitetemo hiyo, kama vile mtungi unavyovuma tofauti kadiri unavyojazwa maji. Tukitamka i, ulimi huinuka mbele na kuacha nafasi ndogo nyuma ya meno. Tukitamka u, ulimi hurudi nyuma, midomo huchomoza, na nafasi ya mbele huwa kubwa zaidi.

Mwaka 1952 watafiti wa Kimarekani Peterson na Barney walitangaza vipimo vya irabu za watu 76. Kwa wanaume waliowapima, kilele cha pili cha mvumo wa kinywa kilikuwa karibu mitetemo 2,290 kwa sekunde katika i, na karibu 870 tu katika u. Vipimo hivyo ni vya Kiingereza cha Marekani, na havilingani barabara na vya Kiswahili, ila mpangilio ni ule ule.

Msomaji hana haja ya maabara ili kulithibitisha jambo hili. Na anong'one, bila kutoa sauti ya koo, irabu hizi kwa utaratibu huu: i, e, a, o, u. Atasikia wazi kwamba mnong'ono unashuka kutoka juu kwenda chini, ingawa hakukusudia kuimba. Sasa, kiumbe mdogo mwenye koo dogo hutoa sauti nyembamba. Kiumbe mkubwa mwenye nyuzi ndefu na nzito hutoa sauti nene. Kinywa chetu hakiwezi kuwa kidogo kama cha kifaranga, lakini kinaweza kuchagua irabu iliyo nyembamba kuliko zote. Ndiyo maana vifaranga hupewa i katika lugha nyingi, na ng'ombe hupewa u au o.

Jogoo ni kazi ngumu zaidi. Sauti ya ndege haitoki mahali inapotoka yetu. Sisi tunazo nyuzi za sauti juu, katika koo. Ndege anacho kiungo kiitwacho sirinksi, kilichoko chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Kinywa cha binadamu hakiwezi kuirudia sauti hiyo sawasawa, kwa hiyo sikio huchagua mambo machache ya kuhifadhi: mwanzo wa ghafla, vipande vifupi kadhaa vinavyofuatana, na mvuto mrefu mwishoni. Ule mwanzo wa ghafla lugha nyingi huuwakilisha kwa k, konsonanti ya kipasuo inayofungwa nyuma ya kinywa na kuachiwa kwa kishindo. Irabu ndizo zinazotofautiana, kwani juu ya irabu jogoo hatuambii mengi.

Mbwa na kanuni za lugha

Mpaka hapa tumesema habari za viungo vya mwili. Sasa tuitazame lugha. Katika kitenzi chetu kubweka tunasikia bwe. Mwingereza husema woof, Mrusi gav, Mjapani wan. Wote wamesikia mlipuko mfupi unaofunguka ghafla na kukatika ghafla. Tofauti yao iko katika namna ya kuukata. Kiingereza huruhusu silabi kuishia kwa f, na Kirusi nacho huruhusu silabi kufungwa kwa konsonanti. Kijapani karibu hakiruhusu silabi kufungwa kwa konsonanti isipokuwa n, basi mbwa wa Japani akafungwa kwa n. Kiswahili kwa kawaida hutaka silabi iishie kwa irabu, basi mbwa wetu akaachwa wazi. Mbwa ni yule yule. Wapitishaji wa mlio ndio wenye sheria mbalimbali.

Hata hivyo tanakali zina ruhusa ambayo maneno mengine hayana. Hazichukui viambishi vya ngeli wala vya nyakati: twasema alianguka pu, waliangukia pu, na pu haibadiliki. Mtaalamu C. M. Doke, aliyechunguza lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika, aliona mwaka 1935 kwamba maneno haya ni aina ya neno inayojitegemea, na akaipa jina lake. Kabla ya hapo wanasarufi wengi, waliozoea Kilatini, waliyatupa katika fungu la vielezi au la vihisishi kwa kuwa hawakuwa na sanduku jingine.

Tena baadhi ya milio ya binadamu mwenyewe hukataa kabisa kuandikwa. Chukua ule mlio wa kusikitika ambao mtu huufanya kwa kubandua ncha ya ulimi nyuma ya meno huku akivuta hewa ndani. Kwa Mswahili huo ni mlio tu, wala hauwezi kuwa sehemu ya neno. Lakini kwa Wasandawe na Wahadza wa Tanzania, na kwa Wazulu kusini, mlio huo ni konsonanti ya kawaida, imo katika maneno ya kila siku. Kwa hiyo mpaka kati ya mlio na neno hauwekwi na koo. Huwekwa na lugha.

Kikohozi na udugu wa lugha

Milio ya binadamu imezaa maneno mazuri sana katika Kiswahili. Kwikwi ni mfano ulio wazi. Kigugumizi ni neno ambalo lenyewe linagugumiza. Mwenye kiu hugugumia maji, mlalaji hukoroma, na watu wenye siri hunong'ona, neno ambalo ng' yake haiwezi kutamkwa bila hewa kupita puani. Kuku naye hutetea anapotaka kutaga, na kuku jike aliyefikia umri huo akaitwa mtetea.

Hapa, lakini, hatuna budi kutoa onyo. Kiswahili kina kohoa, Kishona kosora, Kiganda kolola, Kikuyu na Kinyarwanda korora. Mtu mwenye haraka atasema: tazama, watu wote wanaiga kikohozi! Hilo halijathibitika. Lugha hizi ni ndugu, zote za Kibantu, na inatosha kueleza kwamba zimerithi neno moja la kale, ambalo kila moja imelibadili kwa namna yake. Mfanano wa maneno huweza kutokana na mambo manne: urithi, kuazimana, sadfa, au kuiga. Anayetaka kuthibitisha kuiga sharti kwanza aondoe yale matatu. Ndiyo sababu mfano wa paka una nguvu kuliko wa kikohozi: Kiswahili, Kijapani, Kichina na Kimisri cha kale si ndugu wa karibu.

Pamoja na hayo, si vigumu kukisia kwa nini neno hilo la kale lilianza kwa k. Mtu anapokohoa, koo hufungwa kabisa, hewa hujazana mapafuni kwa nguvu, kisha hufunguliwa kwa mlipuko. Na k ni miongoni mwa vipasuo vinavyofungwa karibu na koo. Neno la Kiingereza cough nalo huanza kwa k, na herufi zake mbili za mwisho ni mabaki ya sauti ya kh iliyotamkwa zamani, ambayo leo imegeuka f. Neno lilianza likiwa kikohozi, na nusu yake imekwisha pona.

Mabadiliko kama hayo ndiyo yaliyomfanya Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, azipuuze tanakali. Katika kitabu kilichotolewa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, alifundisha kwamba hakuna sababu ya asili inayounganisha neno na maana yake, na kwamba maneno ya kuiga ni machache na hayadumu na mwigo wake. Alitoa mfano wa pigeon, njiwa kwa Kifaransa, lililotokana na Kilatini pipio. Katika pipio kinda analia waziwazi. Katika pigeon amenyamaza. Saussure alikuwa na haki kuhusu njiwa. Lakini hakuwa amesoma lugha za Kibantu, ambamo tanakali huhesabiwa kwa mamia na mpya huzaliwa kila chombo kipya kinapofika. Pikipiki ni ushahidi wa kutosha. Na sasa, Kigali na Nairobi, zinapita pikipiki za umeme ambazo hazisemi piki wala chochote, na jina zimebaki nalo.

Milio isiyo na jina

Uigaji una kikomo kimoja ambacho hakuna lugha iliyokivuka: mtu hawezi kuiga asichokisikia. Sikio letu halipokei vizuri mitetemo iliyo chini ya 20 kwa sekunde. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne, akiwa karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alihisi hewa ikitikisika bila kusikia mlio, na vyombo vya kunasa sauti vikaonyesha baadaye kwamba tembo walikuwa wakiitana kwa mitetemo ya chini mno. Mnamo 1988 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi wa milio hiyo miongoni mwa tembo wa Amboseli, Kenya. Watu wameishi na tembo katika nchi hizi tangu kale, wakakipa majina kilio chake cha hasira. Mazungumzo yake ya chini hayakupata jina, kwani sehemu iliyosikika ilidhaniwa kuwa ni ngurumo ya tumbo.

Kwa walimu watakaopenda kulifanyia kazi somo hili, tunapendekeza jaribio lisilo na gharama. Kila mwanafunzi na aandike, bila kumtazama mwenzake, mlio wa mnyama mmoja kama asemavyo bibi yake katika lugha ya nyumbani, kisha majibu yaandikwe ubaoni kwa safu: mwanzo wa neno, irabu, idadi ya silabi, mwisho. Safu zinazofanana zitazamwe kwanza kwa swali la udugu wa lugha. Kisha wanafunzi wamsikilize mnyama mwenyewe, ikiwezekana alfajiri, na wahesabu upya. Mara nyingi idadi ya silabi za jogoo ndiyo itakayozua ubishi, na ubishi huo usikatizwe mapema.