Mtoto Asiyepona Apimwe, Mama Asihukumiwe

Katika mitaa na vijiji vyetu, mtoto mchanga augua mfululizo na kukonda, na maneno huanza. Huyu husema amebemendwa, yule husema amepigwa jicho; na abebeshwaye lawama mara nyingi ni mama. Akipimwa virusi vya UKIMWI na asikutwe navyo, huenda akarudishwa nyumbani na chupa nyingine ya dawa. Hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Wako watoto wazaliwao na kasoro katika kinga ya mwili. Hawakuambukizwa na mtu, wala wazazi wao hawakukosa. Mwaka 1952 daktari wa Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyeshikwa na maradhi makali mara kwa mara. Damu yake ilipochunguzwa, ilikosa protini za kinga. Alipochomwa sindano za protini hizo, afya yake ilirejea.

Aina iliyo kali kupita zote, isipotibiwa, kwa kawaida huua kabla ya miaka miwili. Dawa yake ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, tiba iliyofanikiwa Marekani tangu 1968. Lakini wakati ndio kila kitu. Uchunguzi uliotolewa 2014 huko Amerika ya Kaskazini ulionyesha kuwa watoto 94 katika kila 100 waliopandikizwa kabla ya kutimiza miezi mitatu na nusu walikuwa hai miaka mitano baadaye.

Wazazi na waganga wazijue dalili: homa ya mapafu mara mbili au zaidi kwa mwaka, maradhi ya masikio mara nne au zaidi, utando mweupe mdomoni usiokwisha, uzito usioongezeka, na ndugu waliokufa wangali wachanga. Kipimo cha kwanza si cha ajabu: ni kuhesabu chembe nyeupe za damu.

Liko na jambo la tahadhari. Chanjo ya kifua kikuu, itolewayo Tanzania na Kenya mara mtoto azaliwapo, ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, navyo huweza kumdhuru mtoto wa namna hii. Hatusemi chanjo iachwe, kwani yaokoa wengi. Twasema mama aulizwe kwanza habari za vifo vya wachanga katika ukoo wake.

Swali hilo halina gharama. Kutoliuliza kwaweza kugharimu maisha.