KUBALEGHE SI MARADHI: NASAHA KWA WANETU NA WAZAZI WAO

Shukrani zote zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Kila mwaka sisi walimu huona jambo lile lile. Mvulana aliyekuwa msomaji hodari wa Qur'ani huanza kujificha safu ya nyuma, na akiitwa kusoma husema koo linamuuma. Msichana ambaye hakosi chuo hutoweka siku 5 au 6, na akirudi hasemi alikuwa na nini. Mwaka mmoja tulikuwa na binti aliyefunga Ramadhani nzima, pamoja na siku zake za hedhi, kwa kuwa aliona haya kaka zake wajue kuwa hafungi. Wote hao hawakuwa wagonjwa wala watovu wa adabu. Walikuwa wamebaleghe, na hakuna mtu aliyekaa nao akawaeleza.

Mwilini kunatokea nini?

Chini ya ubongo ipo tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Wakati ukifika, tezi hiyo hupeleka ujumbe kwa njia ya damu, na mwili huanza kutengeneza homoni za utu uzima. Kwa wasichana mabadiliko huanza baina ya miaka 8 na 13, na kwa wavulana baina ya miaka 9 na 14. Ndiyo maana katika darasa moja utamkuta mmoja amerefuka kama mnazi na mwenzake wa umri huo huo bado mdogo. Aliyetangulia hakuharakisha, na aliyechelewa hana upungufu. Kila mmoja ana wakati wake.

Yapo yanayowapata wote: kurefuka kwa haraka, nywele za makwapani na kinenani, jasho lenye harufu, chunusi usoni, na hasira au huzuni zisizo na sababu ya wazi. Chunusi si uchafu wala adhabu. Osha uso kwa maji na sabuni mara 2 kwa siku, wala usizibinye, kwani huacha makovu. Nywele za makwapani na za kinenani ni katika sunna kuziondoa, na tumefundishwa tusiziache zaidi ya siku 40.

Kwa wavulana

Sauti hukatika na kuwa nzito kwa sababu koo linakua. Msomaji wetu, usiache kusoma Qur'ani kwa kuogopa kuchekwa. Sauti itatulia baada ya miezi kadhaa. Wavulana wengi pia hupata uvimbe mdogo nyuma ya chuchu, nao kwa kawaida huondoka wenyewe.

Jambo linalowatisha wengi ni kuamka na kukuta nguo imelowa manii kwa sababu ya ndoto. Hilo si dhambi wala ugonjwa, kwani aliyelala haandikiwi makosa. Linalokulazimu ni kuoga josho kisha uswali. Likitokea mchana wa Ramadhani, swaumu yako haikuharibika. Oga na uendelee kufunga.

Kwa wasichana

Kifua huanza kukua, kisha mara nyingi baada ya miaka 2 au zaidi kidogo binti huvunja ungo. Damu ya hedhi kwa kawaida hudumu siku 2 hadi 7. Katika miaka ya mwanzo huenda isije kila mwezi kwa mpango, na hilo lisikutie hofu. Badilisha pedi au kitambaa safi kila baada ya saa chache, na kitambaa kikifuliwa kianikwe juani mpaka kikauke kabisa.

Mwenye hedhi haswali wala hafungi. Akitwaharika, hulipa swaumu alizokosa, lakini swala hazilipi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i hagusi Msahafu wala hasomi Qur'ani kwa nia ya kusoma, lakini mlango wa dhikri, dua, kumswalia Mtume na kusikiliza darasa uko wazi. Kwa hiyo usikimbie chuo. Mwambie ustadhati, naye atajua akupangie nini. Wala mwili wako si najisi: Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akimchana nywele Mtume (S.A.W.) naye yuko katika hedhi.

Namna ya kuoga josho

Kuna mambo 2 ya lazima: nia, na kufikisha maji mwili mzima hadi kwenye mashina ya nywele. Ondoa najisi kwanza, kisha ni sunna kutawadha kabla ya kujimiminia maji. Mwenye misuko aifumue ikiwa maji hayafiki ndani bila ya kuifumua.

Mlango wa majukumu

Abdullah bin Umar (R.A.) alijitokeza kwa vita vya Uhud akiwa na miaka 14, na Mtume (S.A.W.) hakumruhusu. Katika vita vya Khandaq alikuwa na miaka 15, akaruhusiwa. Kwa hiyo asiyeona alama ya ndoto wala hedhi huhesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi, ambayo ni kama miaka 14 na miezi 6 ya Miladi. Tangu hapo swala na swaumu ni deni lako mwenyewe, si la baba wala la mama.

Wazazi wetu, semeni nao kabla siku hiyo haijafika. Mama, shangazi au somo azungumze na binti. Baba, mjomba au ustadh azungumze na mvulana. Mpelekeni mtoto kwa daktari ikiwa dalili zimeanza kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana, ikiwa mvulana amefika miaka 14 bila ya dalili yoyote, au msichana miaka 15 bila ya hedhi. Vilevile ikiwa damu inazidi siku 7, au maumivu yanamzuia kusimama na kwenda shule.

Nanyi wanetu, haya ni katika imani, lakini haya isiwazuie kuuliza. Ummu Sulaim (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) mwenyewe kuhusu mwanamke aliyeota, naye akamjibu bila ya kumkemea. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi ulizeni, na milango yetu iko wazi.

Allah (S.W.) awakuze katika twaa na afya njema. Amin. Wabillahi tawfiq.