Daftari la Mikopo na Jina Lako

Somo letu la leo ni juu ya mkopo, na hasa juu ya daftari moja ambalo wengi tumeandikwa ndani yake wala hatujapata kuliona. Shikeni kalamu na karatasi. Nitakapotaja tarakimu, ziandikeni.

Tuanze na jambo tunalolijua. Katika kila kijiji kuna duka, na chini ya meza ya mwenye duka kuna daftari la madeni. Ukienda kukopa kilo mbili za unga, mwenye duka hakuulizi hati ya shamba. Hufungua daftari, akatazama. Akiona mwezi uliopita ulilipa, na mwezi wa kabla yake ulilipa, hukupimia unga. Akiona bado unadaiwa sukari ya tangu Pasaka, hukuambia, "Ndugu yangu, leo sina." Unga upo, nawe unauona, lakini daftari limekwisha sema.

Haya. Tuseme mama mmoja wa kijiji hicho anahamia Nairobi, akauza nguo za mitumba katika soko la Gikomba. Kwa miaka kumi amekopa na kulipa, wala hadaiwi na mtu. Siku moja anakwenda kuomba mkopo wa Sh. 50,000 apate kuongeza mali. Karani anamwuliza, "Mama, una hati ya nyumba?" Hana. "Una karatasi ya mshahara?" Hana. "Je, nani anakujua?" Anayemjua ni mwenye duka, naye yuko mbali. Mama anarudi sokoni mikono mitupu.

Je, karani huyu ana roho mbaya? Hapana. Tutazame jambo hili kwa upande wake. Mbele yake wamekaa watu kumi. Tuseme tisa watalipa na mmoja atatoroka, naye hajui ni yupi. Atafanya nini? Ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kuwanyima wote wasio na rehani. Njia ya pili ni kuwatoza wote riba kubwa, ili hasara ya mmoja ifidiwe na wale tisa. Maana yake ni kwamba mwaminifu humlipia mdanganyifu. Tena riba ikizidi kupanda, watu waangalifu huacha kukopa, wakabaki wale wasiojali kulipa.

Jambo hili wataalamu wa uchumi wamelichungua sana. Mwaka 1970 George Akerlof wa Marekani alieleza, kwa mfano wa magari yaliyokwisha tumika, jinsi soko linavyoharibika muuzaji anapojua ubaya wa gari na mnunuzi asiujue. Mwaka 2001 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Katika mkopo ni vivyo hivyo: anayeomba anajijua, anayetoa hamjui.

Basi dawa ni nini? Dawa ni daftari kubwa, litakalosomwa na wakopeshaji wengi na kumfuata mtu kila aendako. Nchini Kenya kanuni za daftari hili zilitungwa mwaka 2008, na ofisi ya kwanza ya kulitunza ilipewa leseni na Benki Kuu mwaka 2010. Watu huziita ofisi hizi kwa herufi tatu, CRB. Kazi yake ni hii: benki hupeleka habari za kila mkopo, yaani jina la mkopaji, namba ya kitambulisho chake, kiasi alichokopa, na kama amelipa kwa wakati. Mkopeshaji mwingine akiombwa fedha, huuliza kwanza katika ofisi hiyo.

Sikilizeni sana hapa. Ofisi ya CRB haimnyimi mtu mkopo, wala haimpi. Yenyewe hutunza daftari tu. Anayekubali au kukataa ni mkopeshaji.

Hapo mwanzo daftari hili lilikuwa na kasoro. Benki zililazimishwa kupeleka habari za madeni mabaya tu. Wazee walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Katika daftari lile chema hakikuweza kujiuza, kwa sababu hakikuandikwa. Aliyelipa mikopo kumi bila kuchelewa alionekana sawa na asiyepata kukopa hata siku moja. Kwa kanuni za mwaka 2013, benki zikatakiwa kupeleka habari zote, njema na mbaya. Hii ndiyo faida kubwa ya mtu asiye na shamba wala nyumba: desturi yake ya kulipa yaweza kusimama badala ya hati.

Lakini daftari lifae, lazima liwe la kweli. Na kwanza lijue nani ni nani, maana watu wawili waweza kuwa na jina moja. Uganda, daftari kama hili lilipoanza mwaka 2008, nchi haikuwa na kitambulisho cha taifa cha kumtambua kila raia. Kwa hiyo wakopaji walichukuliwa alama za vidole, wakapewa kadi, ili deni la huyu lisiandikwe kwa yule.

Hatari nyingine ilikuja na simu. Tangu mwaka 2012, mkopo wa M-Shwari ulipoanza, Wakenya wengi wamekopa kwa simu bila kumwona karani. Wakazuka na wakopeshaji wengine wa simu wasiosimamiwa na mtu. Wapo watu walioandikwa vibaya kwa deni dogo la shilingi mia chache, na walipolalamika hawakujibiwa. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji hao wasiosimamiwa kupeleka majina, kwa sababu ya malalamiko mengi ya wananchi. Tena ikaamuru kwamba deni lisilofika Sh. 1,000 lisipelekwe. Mwaka 2022 zikatoka kanuni za kuwataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni, na kuwakataza kumtisha mdaiwa au kuwapigia simu jamaa na rafiki zake.

Sasa andikeni haki zenu, nyinyi mnaokaa Kenya.

Ya kwanza: una haki ya kupata nakala ya habari zako bila malipo mara moja kila mwaka.

Ya pili: mkopeshaji hana budi kukuarifu siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya juu yako. Ukipata barua au ujumbe huo, usiutupe. Nenda ukazungumze naye.

Ya tatu: ukiona kosa, una haki ya kulipinga, na ofisi lazima ilichunguze. Peleka stakabadhi zako. Kwa hiyo kila risiti ya malipo itunze kama unavyotunza cheti cha mtoto.

Jueni pia kwamba habari ya deni lililoharibika yaweza kukaa daftarini miaka 5 hata baada ya kulipwa. Kulipa leo ni bora kuliko kulipa kesho, kwani miaka hiyo huhesabiwa tangu siku deni lilipokwisha. Na mtu asikope kwa sababu tu simu imemwambia aweza kukopa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Turudi kwa mama yetu wa Gikomba. Daftari la dukani kijijini halikumfuata mjini. Lakini akikopa kidogo kwa mkopeshaji mwenye leseni, akalipa kwa siku yake, akakopa tena na kulipa, kila malipo yataandikwa. Siku atakayorudi kwa karani, na kuulizwa, "Nani anakujua?", jibu litakuwa mezani. Karani aweza bado kukataa. Lakini hatakataa kwa sababu ya kutomjua.

Sasa mwalimu wenu ataongoza mazungumzo kwa maswali haya:

1. Kwa nini mwaminifu huumia mkopeshaji asipowajua wakopaji?
2. Daftari lenye habari mbaya tu lina kasoro gani?
3. Jirani yako ameandikwa kwa deni alilokwisha lipa. Utamshauri afanye nini, na achukue karatasi gani?