Kisima cha Jirani Nacho Kihesabiwe

Maji yote hayana kazi moja. Jambo hilo halihitaji mtaalamu wa kumweleza mtu wa Msimbati, wala mkazi wa kisiwa chochote katika pwani yetu inayofuata Ghuba ya Mnazi hadi Mto Ruvuma unapoingia baharini. Mama wa kisiwani hukijua kisima cha kunywa na hukijua cha kufulia, wala hachoti maji matamu akayamwaga chooni. Laiti busara hiyo ingalitawala katika majengo yetu makubwa, tusingalikuwa na haja ya kuyaandika haya.

Hivi sasa yapo mashirika ya kimataifa yanayotoa vyeti kwa majengo yanayotunza mazingira. Marekani wana cheti kiitwacho LEED. Shirika la Fedha la Kimataifa, lililo katika Kundi la Benki ya Dunia, lina kingine kiitwacho EDGE, ambacho pamoja na masharti mengine hudai jengo lipunguze matumizi ya maji kwa asilimia 20 au zaidi, likilinganishwa na jengo la kawaida la aina yake. Njia mojawapo ya kulitimiza sharti hilo ni kutumia maji yasiyonyweka kwa kazi zisizohitaji maji ya kunywa, kama vile chooni, bustanini na katika kuosha sakafu. Sisi tunaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Lakini tunasema kwamba kila chanzo hakina budi kupimwa kwa mizani ya pwani hii, si kwa mizani ya miji ya mbali.

Tuanze na mvua. Mtwara hupata mvua ya kiasi cha milimeta 1,000 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Paa la bati la ghala la korosho lenye meta za mraba 1,000 hupokea basi lita 1,000,000 kwa mwaka. Hata tukiondoa moja ya tano inayopotea njiani, husalia lita 800,000. Ni neema kubwa. Lakini baada ya mvua huja kiangazi. Chukua ofisi ya watu 50, kila mmoja aende chooni mara tatu kwa siku, na kila mara zitumike lita 6. Hizo ni lita 900 kwa siku, na kwa siku za kazi za miezi sita ya ukavu ni karibu lita 120,000. Kwa hiyo swali la kwanza si paa lina ukubwa gani, bali tangi lina ukubwa gani. Ajivunaye mvua pasipo kutaja tangi lake anatuhesabia maji yaliyokwisha kwenda baharini.

Kuna pia maji yaliyokwisha kutumika: ya bafuni, ya kunawia, ya kutawadhia misikitini, na yale yanayodondoka kutoka katika viyoyozi. Haya yaweza kumwagilia migomba na minazi mwaka mzima. Ila ya bafuni yasilazwe siku nyingi, maana hunuka na kuzaa mbu, na mabomba yake yatiwe rangi yake peke yake, mtoto asije akayanywa.

Bahari nayo imo katika hesabu. Mji wa Hong Kong umekuwa ukisafisha vyoo kwa maji ya bahari tangu miaka ya 1950, lakini kwa mabomba ya pekee yasiyoliwa na chumvi. Hapa kwetu tunawaonya mafundi: maji ya chumvi yasikoroge zege yenye nondo, kwani chumvi huila nondo ndani kwa ndani, na jengo huonekana zima hali limekwisha kuugua.

Sasa tufike penye uzito, nako ni kisimani. Wapo watakaosema kwamba kisima chenye chumvichumvi si cha kunywa, basi na kivutwe bila hesabu. Hilo ni kosa. Katika visiwa na rasi zetu maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Wataalamu wanatufundisha kwamba kwa kila meta moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha meta 40 chini ya usawa huo. Pampu ikishusha ile meta ya juu, chumvi hupanda kutoka chini kwa kadiri iyo hiyo. Hapo hoteli itakuwa na bustani ya kijani na cheti ukutani, na kisima cha jirani kitakuwa kimeharibika.

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 ili kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika na kupita, na wako wanaobeba ndoo hadi leo. Si haki jengo lililosifiwa kwa kuhifadhi maji liwaongezee hao safari.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ipo, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ina ofisi yake hapa hapa Mtwara. Tunawaomba viongozi wahusika kwamba kila jengo kubwa la pwani lieleze ukubwa wa tangi lake la mvua kabla ya kuruhusiwa kuchimba kisima, na kwamba chumvi ya visima vya majirani ipimwe kabla ya pampu kuwashwa na kila kiangazi baada ya hapo. Majibu yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Na majengo ya Serikali yenyewe yawe ya kwanza kutii.

Wananchi wa visiwani nanyi dai lenu ni moja: msikubali kisima chenu kiachwe nje ya hesabu.